Maswali na majibu: Msaidizi afunzwe peke yake?

SWALI: Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda akaumia uti wa mgongo, pingili ya sita ya shingo. Tumempata kijana wa kumsaidia nyumbani. Hospitali wanataka waje mafunzoni wote wawili. Kwa nini tulipe teksi ya kumbeba, wakati kazi ataifanya kijana? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Lipa teksi, ndugu yangu. Kijana akipata kazi nyingine mwezi ujao, ataondoka na mafunzo yote. Mdogo wako akizijua hatua zote, atamwelekeza yeyote atakayekuja.

Lakini kuna zito zaidi. Mwenye jeraha la shingo anaweza kupandwa na presha ghafla kwa sababu tu mpira wa mkojo umejikunja au choo kimejaa. Kichwa kinavyogonga anakisikia mwenyewe. Mpira uliojikunja chini ya paja hausikii, anauona msaidizi. Basi mmoja aseme, mwingine amkalishe wima, alegeze nguo, akague mpira. Hali isipotulia upesi, kimbilieni hospitali, maana presha hiyo inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Ukimfunza mmoja, umefunza nusu.

Angalia na vidole. Wengi wenye jeraha kama lake bado wanaweza kuinua kifundo cha mkono, na wakikiinua vidole hujikunja vyenyewe, wakashika kikombe. Msaidizi mwenye bidii, akidhani ni mazoezi, huvinyoosha vidole vyote huku kifundo kimeinuliwa. Baada ya muda kano zinalegea na mshiko unapotea. Anayeujua mkono wake atamzuia mapema.

Wakati wa kuhama kitandani kwenda kwenye kiti mwendo, breki zikishafungwa, wa kuhesabu "moja, mbili, tatu" ni mdogo wako. Mkufunzi anayemwambia kijana "mshike hapa" bila hata kumtazama mwenye mwili, mimi humkatiza.

Si kila kitu wafunzwe pamoja, hata hivyo. Ombeni kila mmoja apate muda wa faragha na mkufunzi: kijana aseme kama mgongo unamuuma au kazi za chooni zinamtia haya, mdogo wako aseme asichotaka kufanyiwa. Mshahara na siku za mapumziko viandikwe, mdogo wako akiwepo.

Nawe nenda siku moja. Kaa nyuma, maswali mwachie yeye aulize.