Nyuma ya Kaunta: Mwalimu wa Iganga na mkopo usiokwisha

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: pesa yangu imekwenda wapi? Nimefanya kazi ya benki hapa Uganda miaka 21, Jinja, kisha Mbale, nikamalizia Busia. Nimekaa kaunta, nimekaa meza ya mikopo. Nawajibu leo kama nilivyotamani kuwajibu wateja siku zile, nikiwa nimevaa sare na meneja amesimama nyuma yangu.

*Hajjat, asalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Mwaka 2019 nilichukua mkopo wa mshahara nimalizie nyumba. Tangu hapo, kila baada ya mwaka hivi, afisa wa benki ananipigia: "Mwalimu, njoo uongezewe." Nimeongezewa mara nne. Sijakosa rejesho hata mwezi mmoja, lakini deni langu leo ni kubwa kuliko la siku ya kwanza. Nimeibiwa?*
— Mwalimu, Iganga

Wa alaikum salaam, Mwalimu. Kisheria hukuibiwa, kwa sababu kila mara ulitia saini. Lakini naelewa kwa nini moyo unakuambia umeibiwa, na nitakueleza yanayofanyika upande wetu wa meza.

Afisa mikopo ana tageti. Kule nilikofanya kazi, kila Jumatatu asubuhi meneja alisoma majina yetu na kiasi ambacho kila mmoja amekopesha, mbele ya wote. Kumtafuta mteja mpya ni kazi ya wiki nzima: kumtembelea, kukagua biashara yake, kusubiri barua, na mwisho anaweza kukataliwa. Wewe mshahara wako unatoka serikalini na rejesho linakatwa kabla hujaishika pesa. Kukuongezea wewe ni kazi ya asubuhi moja. Ndiyo maana simu haikosi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme deni lako limebaki milioni 4, ukaambiwa chukua milioni 6. Milioni 4 zinazima deni la zamani, mkononi unabaki na milioni 2. Ada ya kushughulikia mkopo, tuifanye asilimia 3, haikatwi kwenye zile milioni 2. Inakatwa kwenye milioni 6 zote, yaani shilingi 180,000. Ukiipima kwa pesa uliyoipata kweli, umelipa asilimia 9 kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Bima ya mkopo nayo inakatwa upya juu ya milioni 6, ingawa ile ya mwanzo ulishailipia. Na miaka inaanza upya.

Hilo la miaka ndilo linalokumaliza. Katika mkopo wa muda mrefu, miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho huenda kwenye riba, deni lenyewe linapungua kidogo kidogo. Ni mpaka miaka ya mwisho ndipo deni huporomoka. Wewe, kila mara kabla hujafika huko, ulipigiwa simu ukarudishwa mwanzo. Mara nne umelipa ile miezi ya riba, na miezi mizuri hujawahi kuifikia.

Nina sababu ya kulijua hili. Mwaka 2011, Mbale, alikuja mwalimu mmoja wa kike, mtoto mgongoni, viatu vina vumbi la safari. Mimi nilikuwa nimebakiza mkopo mmoja tu kufikisha tageti ya mwezi. Nilikuwa nimeweka alama ndogo za penseli kila mahali anapotakiwa kusaini, saba zote. Akawa anasaini, mimi namfunulia kurasa, haraka, kwa kuwa kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi na foleni ilikuwa ndefu. Alipofika ya tano akasimama akaniuliza, "Dada, lakini hii ni nzuri kwangu?" Nikamwambia ni nzuri. Hakusoma hata mstari mmoja, na mimi nilifurahi kwamba hakusoma. Kama yuko hai na anasoma gazeti hili, namwomba radhi.

Wewe nenda tawini uombe karatasi mbili: taarifa ya mkopo wako tangu 2019, na jedwali la marejesho linaloonyesha kila mwezi riba ni kiasi gani na deni linapungua kiasi gani. Kisha uliza, "Nikitaka kuufunga leo, nilipe ngapi?" Simu ikija tena, kataa. Ukipata shida ya laki tano, kopa laki tano kwenye SACCO ya walimu, usifumue mkopo wa mamilioni kwa ajili yake. Na usikate tamaa. Ukikaa bila kuongezewa, mwisho wake upo na unaonekana kwenye hilo jedwali.

*Hajjat, mimi ni keshia katika tawi moja hapa Kampala. Wateja wanatuita wezi. Wiki jana droo yangu ilipungua shilingi 400,000. Naamini nilimzidishia mteja mmoja, nikampigia, akakata simu. Nimeambiwa nisaini ikatwe kwenye mshahara. Juu ya hayo natakiwa kufungua akaunti kumi kila wiki. Andika na sisi tujulikane.*
— Keshia, Kampala

Mwanangu, nakuandika. Wasomaji wengi wanadhani droo ikipungua benki ndiyo inayobeba. Mara nyingi anayebeba ni huyu kijana aliye nyuma ya kioo. Laki nne ni noti nane za 50,000 tu. Noti mpya zinagandana; sponji ya maji ikikauka saa tano asubuhi na foleni imefika mlangoni, vidole vinapita juu ya noti mbili kama moja. Imenipata zaidi ya mara moja.

Usisaini kabla hazijafanyika hizi: msimamizi ahesabu droo upya mbele yako, stakabadhi zote za siku zipitiwe moja moja, na picha za kamera za kaunta ziangaliwe kwa saa ile unayoishuku. Omba kwa maandishi. Kamera ikionyesha, benki yenyewe ina njia ya kumfuata mteja, na simu yake haitakatwa kirahisi kama alivyokata yako. Nilisaini harakaharaka mara moja, nikalipa miezi mitatu, kumbe stakabadhi ilikuwa imeanguka nyuma ya meza.

Kuhusu akaunti kumi, sina dawa ya tageti. Nakuomba kitu kimoja: usimfungulie akaunti mtu asiyejua ataitumia kwa nini. Ataisahau, na siku akiikumbuka ataona imekatwa ada, na jina atakalolitaja ni lako.

Nanyi wateja mnaomsoma huyu: hesabuni pesa pale pale dirishani, hata kama wa nyuma yenu ananung'unika. Akiwazidishia, rudisheni. Na akiwauliza pesa nyingi hizi mmezitoa wapi, msimkasirikie. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya 2013 inailazimu benki kuuliza, na asipouliza ni yeye anayeadhibiwa.

*Dada wa benki, mimi nauza mukene, dagaa wa ziwani, hapa Busia. Nilikopa milioni 5 kwa mwaka mmoja, wakaniambia riba asilimia 20. Jirani yangu naye kakopa milioni 5 kwingine, asilimia 20 hiyo hiyo, mwaka mmoja. Mimi nalipa 500,000 kwa mwezi, yeye hafiki 465,000. Nilipouliza nilijibiwa kwa Kiingereza.*
— Muuza mukene, Busia

Mama, swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Asilimia ni moja, lakini namna ya kuhesabu ni mbili. Wewe umehesabiwa riba isiyopungua, ile wenyewe wanaiita flati: asilimia 20 ya milioni 5 ni milioni 1, wanajumlisha, wanagawa kwa miezi 12. Hata mwezi wa kumi na moja, wakati deni lako limekwisha karibu lote, bado unalipa riba kana kwamba milioni 5 zote ziko kwako. Jirani yako anahesabiwa riba juu ya kilichobaki tu. Mwisho wa mwaka riba yake ni kama 558,000, yako ni 1,000,000. Hiyo tofauti ni magunia mangapi ya mukene, wewe unajua kuliko mimi.

Na hilo la Kiingereza, kama ni benki, si halali. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha inataka mteja asiyeelewa Kiingereza aelezwe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa. Rudi na jirani, mwambieni afisa aeleze kwa Kiswahili mbele yenu wawili. Angalia pia karatasi yako imeandikwa jina la nani. Kama ni benki, malalamiko yasiposikizwa tawini yanakwenda Benki Kuu. Kama ni kampuni ya mikopo tu isiyopokea akiba, hiyo iko chini ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo, kwa sheria ya 2016, na Benki Kuu watakurudisha njiani.

*Mume wangu ameleta karatasi nisaini aweke nyumba yetu rehani. Anasema ni utaratibu tu.*
— Mama watoto, Bombo

Si utaratibu tu, mama. Sheria ya rehani ya 2009 inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Saini yako ndiyo mlango wa mwisho, na benki inajua hivyo. Una haki ya kupata ushauri wa mwanasheria wako kabla ya kusaini, si wa mume wala wa benki. Muulize mume kiasi, muda, na biashara gani italipa. Akishindwa kujibu matatu haya, kalamu iweke chini. Mkopo ukikwama, benki hutoa notisi ya siku 45 za kazi ili deni lilipwe, kisha notisi ya kuuza ya siku 21 za kazi. Anayetaka mahakama isimamishe mnada huweza kudaiwa aweke kwanza asilimia 30 ya deni au ya thamani ya nyumba kwa bei ya mnada, na familia nyingi nilizoziona hapo ndipo zilipokwama.

*Nina milioni 30 benki moja. Rafiki ananitisha na habari za Crane Bank. Tena mimi riba siitaki.*
— Hajji, Arua

Hajji, Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016, na Januari 2017 ikahamishiwa benki nyingine, dfcu, na akaunti za wateja zikahamia huko. Lakini usitegemee kila mara itakuwa hivyo. Mfuko wa kulinda amana unakulipa hadi milioni 10 kwa kila benki uliyoweka, si kwa kila akaunti. Milioni 30 ukizigawa benki tatu zote zimefunikwa. Kuhusu riba, sheria ilirekebishwa 2016 kuruhusu benki ya Kiislamu, na Salaam Bank ilipata leseni ya kwanza mwaka 2023. Waulize faida inagawanywa vipi na hasara inabebwa na nani. Na zile pesa nyingine ulizosema kwenye barua yako ziko kwenye SACCO ya stendi, hizo mfuko huo hauzifuniki hata shilingi moja.