Okestra hurekodije muziki wa gemu usiojua utaishia wapi?

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mpenzi wa gemu, na kwa kuwa naimba kwaya, nota si ngeni kwangu. Kuna jambo limenishinda. Nikiwa natembea tu ndani ya gemu, muziki huwa mtulivu. Adui akitokea, ngoma na tarumbeta huingia papo hapo. Nikimshinda au nikimkimbia, muziki hutulia tena, na sisikii mahali ulipokatwa. Ningedhani kompyuta ndiyo inayojipigia, lakini nimetazama video ya okestra nzima, watu kama themanini, wakirekodi muziki huohuo studioni. Wanajuaje kama nitapigana kwa sekunde kumi au kwa dakika kumi? Na wakiupiga ukumbini mbele ya watu, wanapiga upi: wa kutembea au wa kupigana?

JIBU: Salaam zimefika. Hawajui, ndugu yangu. Hata mtunzi hajui. Karibu kila jambo la ajabu utakaloliona katika studio ya muziki wa gemu limetokana na kutojua huko.

Zamani shida hii haikuwapo. Mashine ya Nintendo ya miaka ya 1980 ilikuwa na chaneli tano tu za sauti, lakini ilipiga muziki yenyewe, nota kwa nota, wakati unacheza. Kuiambia iongeze kasi au irukie sehemu nyingine ilikuwa kazi ndogo. Mwaka 1991 kampuni ya LucasArts ilikwenda mbali zaidi: mfumo wao wa iMUSE, uliobuniwa na Michael Land na Peter McConnell, uliweza kutoka wimbo mmoja na kuingia mwingine kwa kufuata nyendo za mchezaji. Kisha zikaja CD, zikaleta nafasi ya kuweka rekodi halisi. Mwaka 1997 Michael Giacchino aliiandikia okestra muziki wa The Lost World: Jurassic Park, mojawapo ya gemu za kwanza za konsoli kufanya hivyo. Utamu ukapatikana, wepesi ukapotea. Nota ni udongo mbichi, rekodi ni chungu kilichokwisha chomwa. Ukitaka kibadilike umbo, ilikupasa ukifinyange vipande vipande kabla hakijaingia motoni.

Basi wale themanini uliowaona hawakuwa wakipiga wimbo. Walikuwa wakipiga vipande, na anayeviunga ni gemu yenyewe wakati wewe umeshika pedi.

Vipande hivyo hukatwa kwa njia mbili, na gemu kubwa hutumia zote. Ya kwanza ni tabaka. Muziki ni mmoja, lakini fidla zina faili lake, matarumbeta lake, ngoma lake. Yote hucheza kwa pamoja tangu mwanzo, ila mengine yamefungwa sauti. Adui akikuona, gemu hufungua ngoma. Akikukaribia, hufungua matarumbeta. Kwa hiyo ile ngoma unayodhani imeanza papo hapo ilikuwa inapiga muda wote, wewe tu hukuwa unaisikia.

Hapo ndipo kazi yangu ya kurekodi inapokuwa ngumu. Ukiiweka okestra yote chumbani na kurekodi mara moja, tarumbeta haiishii kwenye maikrofoni yake. Inajaa chumba kizima na kuingia katika maikrofoni za fidla. Baadaye ukifunga faili la tarumbeta, kivuli chake kinabaki ndani ya fidla, kama mtu anayepiga kelele nyumba ya pili. Dawa ni kurekodi kundi kwa kundi: fidla na ndugu zake wakubwa kwanza, kisha vyombo vya kupuliza, kisha ngoma na matoazi, kila kundi peke yake juu ya mapigo yaleyale. Kila kundi hukaa mahali pake pa kawaida hata kama viti vya jirani ni vitupu, na hakuna anayegusa maikrofoni mpaka kazi iishe, ili siku ya kuchanganya chumba kijijenge upya chenyewe.

Dawa hiyo ina uchungu wake. Mpiga fidla asiyesikia tarumbeta hupiga kwa adabu mno, hana wa kushindana naye. Ndiyo maana mimi nikipewa muda huomba okestra nzima ipige mara moja pamoja kwanza, hata kama rekodi hiyo haitatumika, ili kila mtu aujue uzito wa kitu anachokwenda kupiga akiwa peke yake. Maprodyuza wengine huona napoteza saa. Nawaelewa, maana okestra hulipwa kwa muda, lakini sijaacha.

Mapigo yaleyale nayo yanataka maelezo. Kila mwanamuziki huvaa hedifoni inayomgongea mapigo, mara nyingi kwenye sikio moja, la pili likibaki wazi kwa ajili ya wenzake. Tuseme kasi ni mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde, na baa ya mapigo manne ni sekunde mbili. Rekodi za kazi hizi kwa kawaida huchukua sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kila sekunde, hivyo baa moja ni sampuli 96,000, haizidi haipungui. Faili la ngoma likizidi la fidla kwa sampuli 500, yaani kama sehemu moja ya mia ya sekunde, mzunguko wa kwanza hutagundua kitu. Ukijirudia mara ishirini, ngoma imebaki nyuma karibu nusu pigo na muziki unachechemea. Wachezaji wengine hukaa eneo moja nusu saa nzima wakitafuta ufunguo uliofichwa, kwa hiyo mara ishirini si nyingi.

Njia ya pili ni kuruka kutoka kipande hadi kipande. Hapa kuna muziki wa kutembea, muziki mwingine kabisa wa vita, na viungo vifupi vya katikati. Programu kama Wwise au FMOD, ambazo hukaa kati ya gemu na sauti, huambiwa ni wapi panaruhusiwa kutoka: kila pigo, kila baa, au kila baa nne. Wewe unayeimba kwaya utaelewa mara moja kwa nini mtunzi huziweka nyimbo hizo katika ufunguo mmoja au funguo jirani. Do ya wimbo mmoja ikiwa mbali na do ya mwingine, hakuna programu itakayoficha jeraha.

Sasa nije kwenye lile hasa ulilouliza, kwa nini husikii mkato. Jibu langu ni mkia. Nota ya mwisho ya okestra haiishi mwanamuziki anapoinua upinde. Mwangwi wake hubaki hewani, na katika chumba kikubwa cha kurekodia huweza kukaa sekunde mbili au zaidi. Ukikata faili pale pigo la mwisho linapokamilika, umeukata mwangwi huo, na sikio lisilojua nota hata moja litasema kuna kitu kimevunjika. Vilevile kipande kikirudi mwanzoni, kitaanza kikavu, bila mwangwi wa kilichotangulia. Kwa hiyo tunafanya moja kati ya mawili. Ama okestra inapiga mzunguko mara mbili mfululizo na sisi tunachukua wa pili, ambao mwanzo wake tayari umelowa mwangwi wa mwisho wa wa kwanza. Ama inapiga mara moja, inanyamaza, na tunarekodi ukimya mpaka sauti ife yenyewe, kisha programu inaulaza mkia huo juu ya kipande kinachofuata.

Ukimya huo una thamani kuliko nota nyingi. Watu themanini wameganda, hakuna anayefungua karatasi, hakuna anayemeza mate. Niliwahi kupoteza rekodi nzuri kuliko zote za siku hiyo kwa sababu ya kiti kilicholia sekunde moja kabla ya mkia kwisha. Katika albamu ya kawaida ningeufifisha mkia mapema na hakuna ambaye angejua. Katika gemu, kiti kile kingelia kila unapotoka vitani.

Na lile neno lako "papo hapo", naomba nilipunguze kidogo. Gemu mara nyingi husubiri pigo au baa inayofuata ndipo ibadilishe. Huoni kusubiri huko kwa sababu adui anapotokea hupigwa mara moja mlio mfupi wa matoazi au ngoma kubwa, uliorekodiwa peke yake na kutungwa ukubaliane na karibu kila kitu kilicho chini yake. Ukiwa bado umeshtuka, muziki unapata sekunde yake moja au mbili za kujipanga.

Kuhusu ukumbini, jibu fupi ni kwamba wanapiga muziki ulioandikwa upya. Mzunguko hauna mwisho, na hadhira haiwezi kupigia makofi kitu kisicho na mwisho. Mpangaji huchukua wa kutembea, wa vita na wa ushindi, akauunga kuwa safari moja na kuutungia tamati. Mtunzi Koichi Sugiyama alifanya hivyo mapema kwa gemu ya Dragon Quest, tamasha lake la mwaka 1987 mjini Tokyo. Nje ya Japani mambo yalichelewa hadi 2003, tamasha lilipofanyika Leipzig, Ujerumani. Mwaka 2022 gemu zikaingia hata kwenye Proms, msimu maarufu wa matamasha ya okestra, ndani ya Royal Albert Hall, London. Kama kuna picha za gemu kwenye kioo nyuma yao, mwongozaji huwa na mapigo sikioni ili asiachane nazo, na okestra humfuata yeye. Kama hakuna, yuko huru kuvuta na kulegeza, na mimi nikiwa msikilizaji napenda zaidi hivyo.

Muziki wa kufungulia gemu ndio unaohamia jukwaani kwa wepesi, maana ulitungwa ukiwa kamili tangu mwanzo. Mfano unaokuhusu ni Baba Yetu, aliyoitunga Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005: Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Haisubiri adui yeyote, inaanza na kumalizika kama wimbo wowote wa kwaya. Ilirekodiwa tena baadaye na Royal Philharmonic Orchestra pamoja na Soweto Gospel Choir, na mwaka 2011 ikapata Grammy.

Ipo namna nyingine ngumu zaidi, ninayoihusudu: kumfuata mchezaji akicheza kweli jukwaani. Fifth House Ensemble ya Chicago ilifanya hivyo kwa Journey, gemu ya mwaka 2012 ambayo muziki wake, wa Austin Wintory, ulikuwa wa kwanza wa gemu kuteuliwa kuwania Grammy katika kundi la muziki wa filamu na picha nyinginezo. Kwenye kazi ya namna hii wanamuziki hawana budi kushika vipande badala ya wimbo, na kukizungusha kimoja mpaka mchezaji avuke. Wapigaji wa tamthilia za muziki wanaujua mtindo huo tangu zamani: rudia mpaka upewe ishara.

Ukitaka kuuona ushonaji wenyewe, tafuta adui anayesimama mahali pamoja. Vaa hedifoni, mwache akuone, kisha rudi nyuma mpaka akusahau, urudie mara kumi hivi. Kila mara hesabu mapigo kuanzia anapokuona mpaka ngoma ziingie. Idadi ikibadilika lakini ngoma zikaingia daima juu ya pigo la kwanza, gemu hiyo inaruka vipande kwa baa. Zikipanda taratibu katikati ya baa, popote ulipo, hizo ni tabaka.