Kupima mwinamo wa kilima kabla ya kujenga

Ndugu yangu, nimekuelewa: umenunua kiwanja chini ya kilima hapa Dodoma, fundi anasema hakuna shida ya maporomoko, nawe unataka kujua mwinamo wenyewe bila kifaa cha bei.

Tafuta ubao ulionyooka wa mita 1, futi kamba, na pimamaji (kile kifaa cha mafundi chenye kitone cha hewa), ukiweke juu ya ubao. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu, nyingine inyanyue mpaka kitone cha hewa kitulie katikati, kisha pima wima kutoka ncha hiyo hadi chini. Sentimita 36 ni nyuzi 20, 58 ni nyuzi 30, mita nzima ni 45. Rudia sehemu nyingi, maana jicho linadanganya. Kwangu, pale nilipoona kama pamelala palitoa sentimita 40! Ukitumia programu ya simu ya kupima mwinamo, laza ubao ardhini kufuata mteremko, kisha simu juu ya ubao, si juu ya jiwe.

Ila usiishie kwenye kiwanja. Panda ukapime juu yako, na ufuate korongo uone linamwaga wapi. Desemba 3, 2023 matope ya Mlima Hanang yaliwafuata watu chini kabisa, mjini Katesh.

Ukikuta nyuzi 30 au zaidi, nyufa ardhini, au miti iliyoinama upande mmoja, tafadhali usichimbe msingi kwanza. Tafuta mjiolojia, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapahapa Dodoma. Na usipande kupima mvua ikinyesha.