Sebule si ya wageni peke yao
Umeuliza kama inafaa kuifunga sebule na kuifungua wageni wanapokuja tu. Kwa maoni yangu haifai, kwa sababu hicho ndicho chumba kisicho na mwenyewe: vyumba vya kulala vina wenyewe, jiko lina shughuli zake, lakini sebuleni mtoto huandika kazi ya shule kwenye meza ndogo huku baba akisoma na bibi akisinzia kitini, wote wakiwa pamoja bila kulazimika kuzungumza. Tena, viti vikielekezwa vyote kwenye televisheni, watu hutazama ukutani. Vikitazamana kidogo, mazungumzo huanza yenyewe. Kochi likichakaa mahali pa kuegemeza mikono, fundi hulivika kitambaa kipya, kwa hiyo hofu ya viti kuchakaa isikufanye ufunge mlango.