Safari Moja, Nyumba Tatu: Kukata Bima ya Safari Pale Wasafiri Wanapotoka Kaya Tofauti

Watu watatu wanaweza kukata tiketi siku moja, wakakaa viti vinavyofuatana ndani ya ndege na wakalala chumba kimoja ugenini, lakini mbele ya kampuni ya bima wakahesabiwa kuwa wasafiri watatu wasiohusiana, kama abiria waliokutana ndani ya basi la Kasulu. Ninawaandikia wale ambao, kama sisi, husafiri na wifi, shangazi, rafiki au mshirika wa biashara anayeishi nyumba nyingine, na pengine mji mwingine kabisa. Mume na mke wanaoishi pamoja na watoto wao wana njia nyepesi zaidi, na sitawazungumzia sana.

Mimi ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na ni mwalimu. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anaishi Ujiji. Wifi yangu, mke wa kaka, anaishi Tabora, mtaa wa Isevya. Tulikuwa tunakwenda Ujerumani kumtembelea binti wa wifi anayesoma huko, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea makaratasi, kazi ya kutafuta bima iliniangukia.

Kwanza niliulizia bima ya familia, kwa sababu ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko kukata bima tatu. Kijana aliyenihudumia, wakala aliyekuwa na meza yake ndani ya benki, alinipa fomu iliyokuwa na nafasi ya majina, tarehe za kuzaliwa, namba za pasipoti, na safu ya mwisho iliyoandikwa «uhusiano na mkata bima». Mikataba mingi ya aina hii huitambua familia kuwa ni mume, mke na watoto wanaowategemea, na mingi huongeza sharti la kuishi katika makazi yaleyale. Shangazi hayumo, wifi hayumo. Yule kijana alipoona kwamba mimi na shangazi tunatumia sanduku moja la posta, lile la shule ninayofundisha, macho yake yaling'aa. «Mama, kumbe S.L.P. ni moja! Tumwandike na wifi hapohapo, muwe kaya moja, ada inashuka.»

Nilimjibu, «Mwanangu, siku ya kudai fidia nani atakayekwenda kuthibitisha kwamba mtu wa Isevya anaishi Mwanga?» Alicheka, akaichana fomu. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: mteja anapaswa kueleza ukweli wote unaoweza kuathiri uamuzi wa kampuni, na taarifa ya uongo huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa, hata kama ada ilipokelewa kwa tabasamu. Sanduku la posta katika miji yetu halithibitishi makazi ya mtu. Shule moja au msikiti mmoja unaweza kupokea barua za mtaa mzima. Aidha, tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, kwa hiyo mtu akitaka kukagua anaishi wapi nani, hahangaiki.

Njia iliyobaki, na ndiyo ninayoipendekeza, ni kila mtu kuwa na bima yake. Hata hivyo bima tatu zilizonunuliwa kila mmoja kivyake, huyu Kigoma, yule Tabora, kwa kampuni tofauti na masharti tofauti, hazifanyi safari moja. Kinachotakiwa ni bima hizo zitambuane. Tulichagua kampuni moja, mpango mmoja na tarehe zilezile, kisha katika kila hati tukaomba yaandikwe majina ya wale wengine wawili kama wenza wa safari. Wakala alisema si lazima. Nilimsisitizia aandike, kwa sababu ifuatayo.

Kipengele cha kufutwa kwa safari hulipa gharama zisizorudishwa pale msafiri anapoumwa au kupata ajali kabla ya kuondoka, au pale ndugu yake wa karibu anapofariki au kuugua sana. Sasa soma orodha ya hao ndugu wa karibu. Mume, mke, wazazi, watoto, kaka na dada karibu kila mkataba huwataja. Wakwe na mashemeji wamo katika baadhi. Shangazi na binamu mara nyingi hawamo kabisa. Sisi tunaomzika shangazi kama mama tutashangaa, lakini orodha haikuandikwa Ujiji. Maana yake ni kwamba shangazi yangu akilazwa hospitali ya Maweni siku mbili kabla ya safari nami nikaamua kubaki kumuuguza, undugu wetu pekee haunipi haki ya kudai chochote. Kinachonipa haki ni kutajwa kwake kuwa mwenza wangu wa safari, ikiwa mkataba una kipengele cha kumlipa mtu ambaye mwenzake ameshindwa kusafiri. Mikataba mingine inacho, mingine haina, na mingine inacho kwa sharti kwamba wote wawe kwenye buking moja au wote wawe na bima ya kampuni hiyohiyo. Kwa wasafiri wa nyumba tofauti, hiki ndicho kipengele cha kusoma kabla ya kuangalia bei.

Kutoka hapo tunaingia kwenye jambo gumu zaidi, ambalo si la makaratasi. Fomu ya bima humuuliza kila mtu maradhi aliyonayo: shinikizo la damu, kisukari, moyo, pumu, upasuaji wa karibuni, dawa anazotumia kila siku. Katika nyumba moja watu hujuana. Mke anajua vidonge vilivyo kwenye droo ya mumewe. Katika nyumba tatu, kila mmoja ana siri zake, na kwetu mtu haulizi tu afya ya mkubwa wake kama anayeuliza bei ya dagaa. Lakini ugonjwa ambao mwenzako hakuutaja unaweza kuharibu hata dai lako wewe uliyesema ukweli wote, kwa sababu mikataba mingi hukataa kulipa safari iliyofutwa kutokana na ugonjwa uliokuwapo tangu awali, awe anaumwa mkata bima mwenyewe au yule ambaye safari yake inamtegemea.

Sikutaka kumhoji shangazi. Nilikwenda kwake na fomu tatu, nikamwomba tukae barazani, nikaanza kujaza ya kwangu kwa sauti: vidonda vya tumbo, dawa ninazotumia, mara ya mwisho nilipolazwa. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akaniambia, «Mwanangu, basi niandikie na mimi presha, na ile sukari waliyosema iko mpakani.» Wifi yangu kule Tabora alipendelea kujaza ya kwake na muuguzi wa hospitali ya Kitete anayemfahamu, akanieleza kwa simu yale tu yaliyogusa safari. Kila kaya itafute njia yake, mradi kila mtu amejua kwamba afya ya mmoja iko ndani ya bima ya mwenzake.

Kutaja maradhi kulipandisha ada ya shangazi, na umri wake uliipandisha tena. Wazee hutozwa zaidi, na baadhi ya mipango hupunguza kiwango cha fidia au huwakataa kabisa baada ya umri fulani. Hapo ndipo kishawishi cha kumnunulia mzee bima ndogo na vijana bima kubwa huingia, nami nadhani ni hesabu mbovu, kwa kuwa anayeelekea zaidi kuhitaji hospitali ndiye anayeachwa na kinga pungufu. Kuna sababu nyingine. Msafiri akilazwa ugenini, gharama za mtu mmoja wa kubaki naye, yaani malazi ya ziada na kubadilisha tiketi, kwa kawaida hutoka katika bima ya mgonjwa, si ya anayebaki. Shangazi akiwa na bima isiyo na kipengele hicho, atakayebaki Ujerumani kumwangalia atajilipia mwenyewe. Tulikubaliana tangu nyumbani kwamba nitakayebaki ni mimi, kwa sababu wifi ana duka.

Kuhusu viza nitasema kwa kifupi, kwani masharti yake yako wazi. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, ambazo sasa ni 29, humtaka kila mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote hizo kwa muda wote wa kukaa, na inayogharimia matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Hilo la mwisho wengi hulipita harakaharaka, ilhali sote tumewahi kuchangishana kwenye makundi ya WhatsApp ili mwili wa ndugu urudi. Kadi ya bima ya afya tunayoitumia Maweni au Kitete haifanyi kazi huko. Lakini angalia: ubalozi hautaki bima ya kufutwa kwa safari wala ya mizigo. Ile «bima ya viza» ya bei poa inaweza kuwa ya matibabu pekee, nayo itakupatia viza, huku kila nilichokieleza hapo juu kuhusu wenza wa safari hakimo.

Viza huombwa na mtu mmoja mmoja na hujibiwa mtu mmoja mmoja. Inawezekana wawili wakapata na wa tatu akakataliwa, na kunyimwa viza kwa kawaida si sababu inayolipiwa na bima, si kwa aliyenyimwa wala kwa wenzake wanaoona safari haina maana tena bila yeye. Kwa hiyo hatukulipia tiketi hadi pasipoti zote tatu ziliporudi. Tulipeleka buking tu. Baadhi ya kampuni hurudisha ada ya bima zikioneshwa barua ya ubalozi ya kukataa viza, na swali hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Sisi wa magharibi tuna tatizo ambalo mtu wa Kinondoni halijui: safari yetu huanza mbali sana na uwanja wa ndege. Mimi na shangazi tulipanda ndege kutoka Kigoma, wifi akachukua basi kutoka Tabora hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar es Salaam. Wapo wanaopendelea treni ya zamani ya Reli ya Kati, nami ninaipenda kwa mambo mengine, ila si siku ya kuwahi ndege ya kimataifa. Uliza bima yako inaanza kufanya kazi wapi, unapotoka mlangoni kwako au unapovuka mpaka wa nchi. Kisha uliza kama inalipa pale usafiri wa umma unapokuchelewesha ukaikosa ndege, na inataka ushahidi gani. Mara nyingi ni barua ya kampuni ya usafiri inayotaja sababu na muda wa kuchelewa. Basi likiharibikia Manyoni, aliyekosa ndege ni wifi peke yake. Mimi niliyekuwa Dar nikiamua kumsubiri, bima yangu inaweza kusema sikukosa chochote, nilikataa kupanda. Dawa yake ni kukutana Dar mapema, walau usiku mmoja kabla, na kuwa mmekubaliana kwa uwazi kwamba aliyefika anatangulia.

Fedha nazo zitenganishwe hata kama mnapendana. Kampuni humlipa aliyeingia gharama, na huthibitisha kwa risiti. Tiketi zote tatu zikilipwa kwa simu ya mtu mmoja, wawili watabaki bila karatasi. Wifi alinitumia fungu lake nami nikalilipia kwa wakala wa tiketi, lakini niliomba stakabadhi tatu zenye majina matatu, na ule ujumbe wa muamala tuliuhifadhi sote. Mizigo ni vivyo hivyo. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou wakichanganya bidhaa zao katika begi moja lenye lebo ya jina la mmoja, begi likipotea, dai ni la mwenye lebo, na kiwango cha fidia ni cha mtu mmoja. Jambo hilo liripotiwe kabla ya kutoka uwanjani, mkachukue fomu ya taarifa ya mzigo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya maandishi kwa shirika la ndege kuhusu mzigo ulioharibika hutakiwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na kwa uliochelewa siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako.

Bima ya kikundi huwafaa zaidi wanakwaya, timu na misafara mikubwa. Kwa watu watatu sikuona faida, kwani majibu mengi hupitia kwa kiongozi wa kikundi, na ni lazima uhakikishe kiwango cha juu cha fidia ni cha kila mtu, hakigawanywi kwa wote.

Mkishapata hati, kila mmoja awe na nakala za zote: namba za hati tatu, simu ya dharura ya kampuni inayopokelewa saa 24, na jina la ndugu wa kupigiwa Tanzania. Kampuni nyingi hutaka kuarifiwa kabla ya kulazwa au mapema iwezekanavyo, na mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kuongea. Wifi asiyejua namba ya hati ya shangazi hatamsaidia. Shangazi hana simu janja, kwa hiyo tulimchapishia yake kwa herufi kubwa. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kifungu kilichotumika, ulalamike kwanza kwa kampuni yenyewe. Usiporidhika, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kila mwenye hati apeleke lalamiko lake, maana dai la mmoja halifungui la mwenzake.