Usifunge AC ya 18,000 kwenye chumba hicho, mkuu

Mkuu, usinunue! Umesema chumba ni mita 3 kwa 3.5, AC uliyonayo ni ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ukungu umeota nyuma ya kabati, na fundi kakwambia ufunge ya 18,000 ili "ikaushe chumba". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Kigamboni miaka minne iliyopita, na aliyeniambia ndiye aliyekuwa anauza hizo AC. Hakutoa hata futi akapima. Alisimama mlangoni, akatazama dari, akasema, "Bosi, hapa kumi na nane." Chumba changu ni kama chako tu.

Wiki ya kwanza tulifurahi. Dakika kumi tu chumba baridi, mtoto anatafuta blanketi. Masika ilipoingia, mke wangu akatoa suti yangu ya harusi kabatini: kola nzima ina unga wa kijani, na viatu vya ngozi vimeota manyoya meupe. Tukavuta kabati tulilopewa na wakwe. Plaiwudi ya nyuma ilikuwa nyeusi kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, ukiibonyeza inaingia kidole kama mkate uliolowa. Na mtoto alikuwa anakohoa wiki ya tatu, sisi tunahangaika na dawa za kifua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nikamrudia fundi. Akasema gesi imepungua, akajaza, akalipwa. Ukungu ukarudi. Akasema rangi ni mbovu, nikapaka upya. Ukarudi. Mtu anakula hela yako mara tatu na hajawahi kukuuliza chumba kina ukubwa gani!

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, fundi wa vyumba vya baridi vya samaki. Alitega ndoo ya lita 10 chini ya bomba la maji ya AC, usiku kucha. Asubuhi hata robo haikufika. Akaniuliza, "Nyumba inalowa hivi, mbona maji hayatoki?" AC kubwa kwenye chumba kidogo inashusha joto haraka, kompresa inazima. Maji yaliyonata kwenye koili, yale mabomba ya baridi ndani ya AC, bado hayajapata muda wa kudondoka, feni inaendelea kupuliza, unyevu unarudi chumbani. Unabaki na hewa baridi yenye maji. Hata za inveta, zile zinazopunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima, ikizidi sana ukubwa, shida ni ile ile. Niliuza ile ya 18,000 kwa hasara, nikafunga ya 9,000. Inanguruma muda mrefu, ndoo inapita nusu, na LUKU imepumua.

Kwa hiyo AC uliyonayo inatosha. Tatizo lako umelitaja mwenyewe bila kujua: unaiweka 16 na dirisha la choo cha ndani liko wazi usiku kucha. Hewa ya Dar inaingia na joto lake na maji yake, inakutana na ukuta wa baridi. Umeona chupa ya soda inavyotoka jasho mezani? Ukuta wako nyuma ya kabati ndiyo hiyo chupa. Funga dirisha, weka 25 au 26, osha chujio, sogeza kabati liachane na ukuta kama upana wa kiganja. Nunua na kipima unyevu, ni kadude kadogo tu. Changu kilikuwa kinasoma 78 usiku wa manane. Ukikaa chini ya asilimia 60, ukungu haupati pa kushika.

Jiki inafuta doa, lakini usithubutu kuichanganya na siki, inatoa gesi ya sumu, na una mtoto humo ndani.

Leo usiku tega ndoo. Kesho rudi hapa utuambie umekuta maji kiasi gani, kabla hujampigia huyo fundi.