Maswali ya Wasomaji: Miksa ya Kuskrachi kwa Mwenye Nyimbo Kwenye Kompyuta

SWALI: Mhariri, ninapiga muziki kwenye sherehe nikitumia kontrola ndogo na kompyuta. Hivi karibuni nimepata mashine mbili za santuri zilizotumika, na sasa natafuta miksa (kifaa cha kuchanganya sauti) ya kujifunzia kuskrachi kwa dhati, yaani kuvuta santuri mbele na nyuma huku nikikata sauti, huku nyimbo zangu zikibaki kwenye kompyuta. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue miksa ya chaneli 4 yenye efekti nyingi. Mwingine anasema chaneli 2 zinatosha. Nimsikilize yupi? – *Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize wa chaneli 2, ingawa idadi ya chaneli si hoja kuu. Miksa za kuskrachi huwa na chaneli 2 kwa sababu sehemu ya chini ya uso wake inapaswa kubaki wazi kwa ajili ya mikono: feda mbili za wima (vitelezi vya sauti), krosifeda ya mlalo chini yake inayohamisha sauti kutoka chaneli moja hadi nyingine, na nafasi ya kutosha kando ili vidole visigonge vitufe katikati ya kazi. Kwenye miksa ya chaneli 4 nafasi hiyo huliwa na feda na vitufe ambavyo wewe, mwenye mashine mbili, hutavitumia.

Kinachostahili kubeba sehemu kubwa ya fedha zako ni krosifeda. Zile za bei nafuu zina ulimi mdogo wa chuma unaosugua njia ya kaboni, na baada ya muda vumbi na msuguano huzifanya zichakache, kisha sauti ya upande uliofungwa huanza kuvuja. Mtu anayeunganisha nyimbo polepole anaweza kuishi na feda ya namna hiyo kwa miaka, lakini anayeskrachi huifungua na kuifunga mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kwake huchakaa upesi. Kwa hiyo watengenezaji wa miksa hizi walihamia kwenye feda ambazo sehemu zake za kutambua mwendo hazigusani. Krosifeda ya Pioneer DJ DJM-S9, miksa iliyotoka mwaka 2015, ni ya sumaku, na ya Rane Seventy pia ni ya aina isiyogusana. Innofader nayo huuzwa peke yake kama kipuri cha kubadilishia feda ya zamani katika miksa nyingi, jambo ambalo huokoa fedha iwapo miksa yenyewe ni nzima.

Jambo la pili kuhusu krosifeda ni umbali wa kufungua, yaani mwendo ambao feda husafiri kutoka ukingoni kabla sauti haijatoka. Chukua mfano wa mtindo wa kuskrachi uitwao kaa (crab), uliopata umaarufu kwa DJ Qbert wa San Francisco: vidole hupita kimoja baada ya kingine juu ya kifundo cha feda, huku kidole gumba kikiirudisha, kwa hiyo kila pigo huisogeza milimita chache tu. Umbali wa kufungua ukiwa mkubwa, mapigo mengine hayatasikika kabisa, nawe utadhani mkono wako ndio mzito.

Jaribu hivi dukani, na muuzaji asiyekubali jaribio hili mwache. Weka wimbo upande mmoja, rekebisha mkunjo wa krosifeda (jinsi sauti inavyopanda feda ikisogea) uwe mkali kuliko yote, kisha isogeze polepole kwa ukucha kutoka upande uliofungwa. Sauti inapaswa kutoka kamili karibu mara moja. Irudishe ukingoni, pandisha sauti ya vipokea sauti vya kichwani, usikilize kama kweli pamekuwa kimya. Tazama pia kama kuna swichi ya kugeuza upande wa krosifeda, kwa kuwa wapo wanaoskrachi vizuri zaidi kwa kinyume, nawe hujajua bado utakuwa wa kundi gani.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Utahitaji santuri maalumu zisizo na wimbo, zenye mlio wa ishara tu. Sindano huuchukua mlio huo, miksa huugeuza kuwa data na kuupeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Programu hutambua kasi na mwelekeo wa mkono wako, kisha huurudisha wimbo wenyewe kwenye chaneli ya miksa. Ili mzunguko huo ukamilike kwa mashine mbili, kadi ya sauti iliyo ndani ya miksa lazima iwe na angalau njia 4 za kuingiza na 4 za kutoa, kwa sababu kila mashine huhitaji jozi ya kushoto na kulia. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Zipo miksa zenye tundu la USB linalotuma amri za vitufe peke yake, na nyingine hurekodi tu sauti ya mwisho. Zote mbili hazitakufaa, hata kama boksi limeandikwa “USB” kwa herufi kubwa.

Leseni ya programu nayo iulizie kabla ya kulipa. Serato DJ Pro, programu ya kupigia muziki, hufanya kazi na vifaa ilivyoviidhinisha, na baadhi ya miksa huja na ruhusa ya kutumia santuri za ishara, ilhali nyingine hukutaka uinunue kando. Ukiona bei inakulemea, ipo programu ya Mixxx, ambayo ni ya bure, hukubali kadi nyingi za sauti na husoma santuri za ishara za Serato. Tahadhari pia na vitu vya zamani: kisanduku cha Rane SL1 cha mwaka 2004 bado huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini kilitengenezwa kwa ajili ya Scratch Live, programu ya Serato iliyokwisha kustaafishwa, na Serato DJ haikitambui.

Mwisho, miksa iliyotumika kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 pekee, na umeme wa Tanzania ni volti 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujaichomeka. Kuhusu efekti na padi zenye taa, kwa mtu anayeanza ni mapambo; ukilazimika kuchagua, chukua miksa iliyo wazi yenye krosifeda nzuri.

SWALI: Sina santuri, nina pleya mbili za kidijitali zenye gurudumu. Je, ninalazimika kununua santuri za ishara? – *Msomaji wa Mombasa*

JIBU: La. Pleya nyingi za aina hiyo huunganishwa na programu moja kwa moja kwa waya wa USB, na gurudumu huongoza wimbo bila mlio wowote wa ishara. Hakikisha tu kwamba modeli yako imo kwenye orodha ya programu unayotumia. Ushauri wa krosifeda hapo juu unakuhusu vilevile.

SWALI: Miksa yangu inavuma kila ninapowasha mashine za santuri, na ninaposkrachi sauti inachelewa kidogo kuufuata mkono. Je, imeharibika? – *Msomaji wa Arusha*

JIBU: Huenda haina kasoro yoyote. Waya mwembamba unaotoka kwenye mashine ya santuri pamoja na waya za sauti ni wa ethi, na unapaswa kufungwa kwenye skrubu iliyo nyuma ya miksa. Ukiachwa ukining'inia, mara nyingi mvumo hutokea. Hakikisha pia kwamba swichi ya chaneli iko upande wa fono, yaani wa mashine za santuri.

Ucheleweshaji hutokana na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa. Kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 ni karibu milisekunde 11.6, na ya 256 ni karibu 5.8. Ishushe hatua kwa hatua hadi sauti ianze kukatika, kisha panda hatua moja. Funga programu nyingine na uzime intaneti wakati wa kupiga. Hata kompyuta ya zamani huweza kutumia bafa ndogo zaidi baada ya hapo.